Titi la Soksi

Matanga ya Dani yalifanyika mchana, chini ya turubai la buluu lililofungwa kati ya ghorofa mbili za Soweto East, Kibera, pale ambapo zamani palikuwa na nyumba za udongo na mitaro na ambapo leo watoto wanacheza mpira juu ya saruji. Nilitoka Kawangware na sukari na majani chai mkobani, nikakaa kiti cha nyuma, kwa sababu magoti yangu hayataki tena mambo ya mikeka na sipendi kusukumwa mbele kutoa hotuba. Jina alilobatizwa lilikuwa lingine, lakini hakuna aliyelitumia. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, hata wale Wanubi waliokuwa wakipangisha vyumba. Mama mmoja kijana akasimama na mtoto mgongoni, akashika kipaza sauti. "Mimi titi ilikuwa imefura, nalia, nataka kuachisha mtoto. Dani akaniambia, jipu si sababu. Weka mtoto anyonye. Si mnaona vile huyu jamaa amenona?" Watu wakacheka na kupiga makofi. Mimi nikainama kutafuta leso, na nililia kweli, ila sikuwa nikililia walichokuwa wakikililia wao.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Ya kabla yake hayana maana hapa. Nilikuwa msichana mwenye cheti kipya cha afya ya jamii na viatu vibovu, nikiteremka kila asubuhi kwa miguu kutoka Kawangware, nikivuka Ngong Road na kukatiza Soko la Toi, hadi kwenye kliniki ndogo iliyokuwa imepewa stoo ya kanisa kule Kibera. Stoo yenyewe ilikuwa na mabenchi manne, dirisha moja lisilofunguka na ukuta wa mabati uliotutenganisha na wasusi wa nywele, kiasi kwamba somo letu na umbea wao vilikuwa vikichanganyikana siku nzima. Kwenye kona palikuwa na jiko la makaa lenye sufuria ya chai, na mandazi tuliyonunua kwa mama wa mlangoni, makubwa, yenye mafuta ya kutosha kung'arisha viatu vyangu vile. Nilikipenda chumba kile. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilikichukia, na nisingependa mtu afikiri nilianza kwa chuki.

Aliyetutawala ni Sista Agripina, muuguzi mnene mwenye sauti ya kwaya na kalamu nyekundu sikioni. Alikuwa na rafiki mahali fulani aliyekuwa akimtumia kurasa za fotokopi za tafiti za kunyonyesha, na Jumatatu nzima alikuwa akizisoma huku akichora mistari na kukemea peke yake. "Unaona? Tulifundishwa ujinga!" Jumanne, ujinga ule ulikuwa umeng'olewa, na akina mama walikuwa wakipewa habari mpya ikiwa bado ya moto. Ndiye aliyefuta habari ya kumwaga maziwa yale ya manjano ya kwanza. Ndiye aliyewakataza maji ya sukari. Fundi mmoja wa Toi alimshonea titi la kufundishia kutokana na soksi ya mtumba ya kahawia, akalijaza sponji ya godoro na kulitia chuchu ya kitambaa cheusi, na kila Jumanne wanawake walikuwa wakiangua kicheko lilipotolewa kwenye mfuko. Kazi yangu ilikuwa kulishika. Nilikuwa nikisimama mbele ya watu na soksi kifuani, nikijiona profesa.

Jumanne moja somo lilikuwa la jipu la titi. Benchi la mbele alikaa mama mmoja wa makamo aliyekuwa amefika karibuni kutoka ziwani, na kitambaa cheupe kichwani, mikono mikubwa ya mtu wa jembe. Hakucheka soksi ilipotoka. Alinyoosha mkono akaibonyeza, kama mtu anayechagua parachichi, akaturudishia. "Sisi kule nyumbani titi ikishika jipu tunafunga na kitambaa, mtoto anaachishwa," alisema. Sista akatabasamu kwa furaha ya vita. "Ndivyo hata mimi nilifunzwa chuoni, mama, na ilikuwa makosa. Ukifunga, maziwa inaganda ndani, jipu inaiva. Mtoto ndiye dawa." Yule mama hakuridhika. "Na kama kuna usaha?" Sista akamweleza: upande wenye usaha ukamuliwe kwa mkono, mtoto anyonye upande wa pili, lakini kumwondoa mtoto kabisa, hapana. Yule mama akairudia sentensi ile kwa sauti ndogo, mara nyingi, mpaka ikakaa. Nilimpenda papo hapo. Kati ya wote waliopita kwenye mabenchi yale, ndiye pekee niliyemwona akijifunza kwa mwili mzima.

Nyuma ya stoo palikuwa na chumba kingine, kidogo kuliko kitanda, kilichofungwa kwa pazia la maua. Humo ndimo walimoambiwa majibu yao waliopimwa na kupatikana na virusi. Mafundisho ya mbele na mafundisho ya nyuma yalikuwa yakigongana, na sisi tuliyaishi yote mawili kwa siku moja bila kuona ajabu. Mbele tulisema maziwa ya mama ni uhai. Nyuma tulisema, kwa sauti ya chini ili wasusi wasisikie, maziwa yako yanaweza kumpa mtoto ugonjwa, ukiweza usimnyonyeshe, chukua haya ya unga. Dawa za leo hazikuwepo. Tulichokuwa nacho ni makopo yaliyotoka kwa wafadhili. Na kwa kuwa Kibera nzima ilijua kopo lile linamaanisha nini, Sista alikuwa akiwamiminia akina mama unga kwenye mikebe ya kakao ili wabebe bila aibu.

Pamela alipewa mkebe wake siku ambayo mvua ilikuwa ikipiga mabati hata ikabidi Sista arudie kila neno. Alikuwa wa umri wangu, mcheshi, mwenye mwanya, anauza nguo za watoto za mtumba pale Toi. Mtoto wake, Omondi, alikuwa bado na ngozi ya siku za kwanza. Pamela alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maji yachemke kwa muda gani, kisha akanishika mkono nje ya pazia. "Nafula, Ouma hajui. Akijua ananirudisha kwetu ushago na nguo nimevaa. Usiwahi ambia mtu. Hata nikikufa." Nikaapa. Kiapo kilikuwa rahisi kutamka, nikiwa na umri ule na sijawahi kubeba kitu kizito kuliko mkoba.

Miezi ile ya mwanzo ilikwenda vizuri, na nikikumbuka furaha yoyote ya mwaka ule ni ile ya nyuma ya kibanda cha Pamela. Nikipita saa za chakula nilimkuta ameketi kwenye gunia, amezungukwa na makoti madogo yaliyotundikwa, akimpa Omondi maziwa kwa kikombe kama tulivyomfundisha, chupa hapana, kikombe ni rahisi kuosha. Mtoto alikuwa akinywa kama mzee anayeonja chai. Tulikula chapati na madondo kwenye sahani moja, tukisikiliza wanunuzi wakibishana bei upande wa pili wa makoti. "Nani anamlea mtoto mnono hivi?" walimuuliza. "Ni kunyonya tu," alijibu bila kupepesa. Ouma, mumewe, alikuwa kibarua wa ujenzi, anatoka asubuhi na kurudi jioni, wala hakuwa mtu wa kuchunguza mtoto anakula nini.

Kisha siku moja nikamkuta hajafungua hata nusu ya nguo. "Mathe wa Ouma amekuja," aliniambia, yaani mama mkwe wake. "Anakaa na sisi. Ako tu na mapenzi, Nafula, hata siwezi mchukia. Mtoto akilia kidogo ananiambia, mpe titi, mama, mpe. Sasa nampa." Nikauliza anampa nini. "Titi. Mbele yake. Nikifika hapa soko nampa kikombe." Alisema hivyo akikunja sweta ndogo, akaikunjua, akaikunja tena. Ungefanya nini? Chumba kilikuwa kimoja, na pazia halizuii masikio. Mama wa Kibera asiyenyonyesha alikuwa ametangaza hali yake kuliko kama angepanda mimbarini, na Pamela alichagua kunyonyesha kwa ajili ya macho ya watu.

Nilimpelekea Sista habari ile, naye hakukaa kimya, maana washauri wenzake mjini walishapata njia ya kuwatoa akina mama kwenye shida kama hiyo. "Aseme ana jipu," alisema. "Afunge titi na kitambaa, ajikunje kama mgonjwa, aseme kliniki imemkataza. Hakuna mama mkwe atalazimisha mgonjwa." Ilikuwa hila nzuri. Kila mtu ameona jipu, kila mtu analihurumia, wala hakuna anayelihusisha na ule ugonjwa mwingine. Pamela alicheka tulipomweleza, akafanya mazoezi pale pale ya kunyanyua bega na kukunja uso, mpaka tukacheka sote watatu. Wala hapakuwa na hata mmoja wetu aliyemuuliza huyo mama mkwe anaitwa nani na Jumanne huwa anashinda wapi.

Nilikwenda kumwona siku chache baadaye, mchana, nikijifanya napita na mizani ya kupimia watoto. Nyumba yao ilikuwa chumba cha udongo chenye kalenda ya zamani ukutani, vikombe vya bati vimepangwa juu ya kabati, omena zinachemka na harufu yake imeshika hadi blanketi. Pamela alikuwa amekaa kitandani, kifua kimefungwa. Na kando yake, na beseni la maji ya moto na kitambaa safi begani, alikuwa mama wa benchi la mbele, yule ambaye mtaa ulikuja kumwita Dani. Alinyanyua uso akaniona, akafurahi kama amemwona mwanawe. "Mwalimu! Karibu, nyathina, mtoto wangu, umekuja wakati mzuri. Huyu mtoto ako na jipu na amefunga titi. Mimi nimemwambia hapana, hiyo ni mambo ya zamani, mwalimu alitufundisha. Ukifunga, inaganda. Mtoto ndiye dawa. Si ni hivyo?"

Nikasema labda tumwache apumzike kidogo, kwa sababu kila mwili una mambo yake. Dani akanicheka, kicheko cha upole kabisa. "Hapana, wewe unamhurumia kwa sababu ni rafiki. Sista alisema kama upande moja ni mbaya, upande ingine iko. Kumwondoa mtoto kabisa, hapana. Nilishika yote." Na kweli alikuwa ameshika yote, neno kwa neno, hata mkono aliuinua kama Sista. Kwa mwanamke yeyote mwingine katika mtaa ule ningempigia makofi. Nilimtazama Pamela nikitafuta la kusema ambalo lisingekuwa siri yake, na halikuwepo. Ningesema mtoto asinyonye, Dani angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja tu. Pamela akaona sina kitu. Akafungua kile kitambaa mwenyewe. Dani akamweka Omondi vizuri, tumbo kwa tumbo, mdomo wazi, kama tulivyokuwa tukionyesha na soksi, na mtoto akashika titi akanyonya kwa raha, huku yule mama akimpangusa jasho mkwewe kwa ncha ya leso yake na kumwambia pole.

Hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote, au nilidhani ndipo. Wiki chache baadaye Sista alirudi kutoka semina mjini, akaketi kwenye benchi la wagonjwa na kikombe cha chai mpaka chai ikafanya utando. Hakukemea kurasa zake. "Wanasema kuchanganya ndiyo mbaya," aliniambia hatimaye. "Titi peke yake, pengine mtoto apone. Kopo peke yake, pengine. Lakini mbili pamoja, leo hii kesho hii, ndiyo mbaya kuliko zote. Maziwa ya kopo na maji yanachubua matumbo ya mtoto, halafu titi inaingiza ugonjwa." Akaniuliza ni wangapi wetu wa nyuma ya pazia wanachanganya. Hakuwa akitaka jibu. Upande wa pili wa mabati wasusi walikuwa wakicheka habari ya bwana fulani aliyefumaniwa, nami nilitamani kupiga ule ukuta kwa ngumi mpaka wanyamaze.

Ni mimi niliyetumwa kwa Pamela. Nilimweleza pale pale kati ya makoti madogo: aache kikombe, anyonyeshe tu, basi, bila kitu kingine. Aliniangalia kama naongea Kichina. "Wewe ndiye uliniambia titi ni sumu." Nikasema tulijua hivyo wakati ule. "Na saa hii mnajua hivi. Na mwezi ujao?" Akacheka, na kile kicheko sijakisahau, kilikuwa kikavu mno. "Nafula, mnatupima kama nguo za mtumba. Hii haitoshi, jaribu hii. Huyu ni mtoto." Alikuwa amesema kweli. Sikuwa na hasira na Sista, wala na hao wa semina. Walikuwa wakitafuta kwa bidii, na waliyoyapata yalikuwa ya kweli. Hasira yangu ilikuwa kwamba ukweli ulisafiri kwa mwendo wake na mtoto aliishi kwa mwendo wake, na njiani hawakukutana.

Omondi alianza kuhara msimu wa vumbi. Sijui kama alipata ugonjwa tumboni mwa mama, au siku ya kuzaliwa, au kwenye kikombe na titi, na yeyote atakayeniambia anajua ni mwongo. Tulimpa maji ya chumvi na sukari. Dani alimbeba mgongoni hadi hospitali na kurudi, akiimba. Mashavu yale yaliyokuwa yakisifiwa sokoni yaliisha, macho yakabaki makubwa. Alifariki asubuhi, mama yake akimnyonyesha, na Dani alikuwa mlangoni akianua nepi.

Tulipotoka makaburini Dani alinivuta kando. Hakuwa akilia tena, alikuwa amechoka. "Mwalimu, alinyonya," alisema. "Ulimwona. Jipu haikumzuia. Alinyonya mpaka siku ya mwisho, mimi mwenyewe nilikuwa namshikia. Sasa ni nini?" Pamela alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imekumbatia sweta tupu, akinitazama tu. Nikamwambia Dani kwamba alifanya kila kitu kama tulivyomfundisha. Akanishukuru.

Pamela alimfuata mwanawe kabla ya mwaka kwisha, na siri yake ikaingia kaburini pamoja naye, isipokuwa ile sehemu iliyobaki kwangu. Leo, mama mwenye virusi anameza vidonge vyake, mtoto anapewa matone yake, na ananyonyesha bila kujificha. Leo jibu la Dani pale kitandani lingekuwa sahihi kwa Pamela pia. Watu wananiambia nifurahie hilo, kwamba tumefika mbali. Nafurahi kwa ajili ya wale wanaonyonya sasa, lakini siwezi kumrudishia furaha hiyo aliyeikosa, na kadiri dawa zinavyozidi kuwa rahisi ndivyo kile kifo kinavyozidi kuwa cha bure machoni pangu. Miaka haijanipunguzia uchungu huo hata chembe.

Jumanne iliyofuata mazishi ya Pamela, Dani alirudi kwenye stoo. Nilidhani amekuja kuaga kabla ya kusafiri. Alikaa benchi la mbele, na Sista alipomaliza kusalimu akasimama akaomba ruhusa. Alisema mkwewe na mjukuu wake wamekwenda, Mungu ndiye ajuaye, lakini yeye hataki yale aliyofundishwa yapotee bure, na kama tutamkubali angependa kuwafundisha hawa wasichana. Sista alinitazama. Sote wawili tulijua. "Karibu, Dani," Sista alisema. Basi akaja mbele, akasimama kando yangu, na mbele yetu wanawake kwa watoto, wengine wakisubiri zamu ya pazia. "Tutaanza na jipu," Dani alisema. Nikatoa titi la soksi kwenye mfuko, nikamshikia, naye akaanza kuonyesha.